Visu Viwili, Kufuli Mbili

Anayeshika kwa mara ya kwanza kisu cha kukunja cha zaidi ya dola 400 huwa na swali moja: kina nini ambacho kisu cha sokoni hakina? Kukata, hata kile cha bei poa kinakata kikinolewa vizuri. Fedha nyingi imekwenda kwenye bawaba, pale bapa linapokutana na mpini, na kwenye kufuli inayolizuia bapa lisijifunge juu ya vidole katikati ya kazi. Ndiyo maana ukitaka kulinganisha visu viwili maarufu vya Marekani, Sebenza na 940, anzia kwenye kufuli.

Sebenza ni kazi ya Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, katika jimbo la Idaho, mwaka 1989. Kabla yake, Mmarekani Michael Walker alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba bamba jembamba la chuma ndani ya mpini linaweza kufyatuka na kukaa nyuma ya bapa lililofunguliwa. Reeve aliliondoa bamba hilo akaifanya kazi hiyo ifanywe na mpini wenyewe. Mpini wa Sebenza ni bamba mbili nene za titani. Mojawapo imechanjwa ikabaki na ulimi uliopindia ndani. Bapa likifika mwisho wa kufunguka, ulimi huo hujipachika nyuma ya kitako chake. Uzuri wake ni kwamba kadiri mkono unavyoubana mpini, ndivyo ulimi unavyozidi kukaza. Kufuli hii imeigwa na viwanda vingi duniani, na wanaoiga si wote wanaoipatia.

Ugumu wake uko kwenye metali. Titani ikisuguana na chuma huwa na tabia ya kunata, na kufuli ikinata kidole gumba hupata tabu kuisukuma. Toleo la Sebenza 31 limelitatua hilo kwa kijipira kidogo cha seramiki kilichopachikwa kwenye ncha ya ulimi. Sasa kinachogusa kitako cha bapa ni seramiki, ambayo hainati na hailiki upesi.

940 hutengenezwa na Benchmade ya Oregon City, jimboni Oregon, kwa mchoro wa Warren Osborne. Kufuli yake ilibuniwa na Bill McHenry na Jason Williams, na Benchmade ikaanza kuiuza mwaka 1998. Ndani ya mpini kuna kijiti cha chuma kilicholala kikikatiza pande zote mbili, kinachosukumwa mbele na springi mbili nyembamba zenye umbo la herufi ya Kigiriki omega. Bapa likifunguka, kijiti kinakaa juu ya kitako cha bapa na kukibana dhidi ya pini ya kikomo. Kukifunga kisu, vuta kijiti nyuma kwa kidole gumba na cha shahada, bapa lining'inie na kurudi lenyewe. Vidole vyote vinabaki nje ya njia ya makali. Kwenye Sebenza, kidole gumba lazima kipite mbele ya njia hiyo, nacho kinahitaji kuzoeshwa.

Hapo ndipo mtu wa mkono wa kushoto anapopata jibu lake bila kusoma zaidi. Kijiti cha 940 kinavutika kutoka upande wowote, wakati Sebenza ya kawaida imetengenezwa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto anapaswa kuagiza ya kwake. Kwa upande mwingine, springi nyembamba zinaweza kukatika baada ya matumizi mengi. Ulimi wa titani hauna springi ya kukatika.

Mfukoni tofauti inaonekana mara moja. Sebenza kubwa ina bapa la milimita 92 na uzito wa gramu 130 na ushee. 940 ina bapa la milimita 86, lakini mpini wake wa alumini unaifanya iwe na gramu 80 hivi, na ni nyembamba kiasi kwamba mvaaji wa suruali nyepesi anaisahau. Bapa la Sebenza limechongwa mbavu zake kwa kubonyea, hivyo linateleza ndani ya boksi la karatasi au tunda bila kukwama. La 940 lina mgongo ulioshuka ghafla karibu na ncha, nao unaiachia ncha unene wa kutosha kutoboa kitu kigumu.

Kuhusu chuma, visu hivi vina asili ya pamoja. S30V, chuma cha pua kilichotolewa na kampuni ya Crucible mwaka 2001, kilikuzwa kwa ushirikiano na Reeve mwenyewe, na 940 nayo imekitumia kwa miaka mingi. Kina kaboni asilimia 1.45, kromi 14 na vanadi 4. Vanadi hiyo hujenga chembe ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea, kwa hiyo kinoo cha almasi ndicho kinachofaa. Sebenza imehamia vyuma vipya zaidi, kikiwemo MagnaCut kilichobuniwa na Larrin Thomas na kutoka 2021, kinachostahimili kutu vizuri sana. Kwa mkaaji wa pwani, penye chumvi hewani mwaka mzima, hilo ni jambo la kuzingatia.

Mnunuzi wa Sebenza hupewa pia ufunguo wa pembe sita ili akifungue kisu mwenyewe, akisafishe, akipake grisi na kukirudisha. Anayependa matunzo ya namna hiyo atapata thamani ya fedha yake. Anayetaka tu kisu chepesi cha kila siku, achukue 940 kwa takriban nusu ya bei. Ndiyo inayowafaa wengi.

Msafiri aangalie sheria kwanza. Uingereza inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila sababu maalumu ikiwa makali hayazidi inchi 3, na mahakama zake zimeamua kwamba chenye kufuli hakihesabiwi humo. Visu hivi vyote viwili vinaangukia nje ya ruhusa hiyo. Na kwenye ndege, mahali pake ni kwenye mzigo unaokwenda chini, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi.