Kambi ya mwezi wa munane inaanzia siku ya posho

Masomo yakikaribia kufungwa, wazazi wanaanza kutuuliza: « Kambi ya mwaka huu ni falanga ngapi? » Ulizo ni la haki. Sisi tunaosimamia kundi la maskauti wa miaka 12 mpaka 17 hapa Lubumbashi tunapenda kulijibu, lakini jibu haliko katika falanga peke yake. Linaanzia katika kazi ya kila juma.

Juma kwa juma

Kila siku ya posho, kisha saa sita, vijana wanafika kwenye kiwanja cha parokia, kitambaa shingoni. Bendera inapandishwa, halafu wanajigawanya kwa vikosi vya watu sita ao munane. Kila kikosi kina jina la nyama: Simba, Chui, Tembo. Chefu wake si mutu mzima, ni kijana mwenzao wa miaka 15 ao 16. Yeye ndiye anahesabu nani amekuja na nani amekosa. Mutoto akikosa mara mbili, kikosi kizima kinaenda kwao kumuona. Ni hivyo tunajua mapema nani anagonjwa, nani amefukuzwa masomo juu ya deni.

Kisha wanajifunza: kufunga kamba, kusoma dira, kufunga kidonda, kufuata alama za njia porini. Mara moja kwa mwezi ni salongo: tunafagia kiwanja na kuzibua mifereji mbele mvua haijakuja. Mbele ya kurudi nyumbani, kila kikosi kinaweka kitu kidogo katika sanduku lake. Wengine wameosha gari za majirani, wengine wameuza mikate. Sanduku hilo ndilo mama wa kambi.

Mwaka na desturi zake

Mwaka wetu unaanza pamoja na masomo, wakati miti ya jacaranda inatoa maua katika avenyu za muji. Wadogo wanaofikisha miaka 12 wanavuka na kuingia kwa wakubwa. Vikosi vinawapokea kwa kelele na mikono.

Tarehe 22 ya mwezi wa pili, katikati ya mvua, tunakumbuka kuzaliwa kwa Baden-Powell, mwanzilishi, mwaka wa 1857. Vijana wengi wanashangaa kusikia kwamba kaburi lake haliko Ulaya: alikufa Kenya mwaka wa 1941 na alizikwa Nyeri. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia, maana yake ni: nimerudi nyumbani.

Tarehe 23 ya mwezi wa ine ni Mtakatifu Georges, musimamizi wa maskauti. Karibu na siku hiyo wapya wanatoa ahadi yao.

Kisha baridi inakuja, na masomo yanafungwa. Tunapiga kambi mwezi wa munane kwa sababu mvua hakuna. Lakini majani ni makavu, na cheche moja inaweza kuchoma pori lote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulima mahali pa moto mpaka udongo uonekane, na kuweka maji karibu. Tunaokota miti iliyokufa tu. Pori letu limeshakatwa ya kutosha juu ya makala.

Usiku wa mwisho, wazee wa kundi wanawapa wengine totem, jina la nyama lenye kufanana na tabia ya mutu. Wamewaangalia kambi nzima. Kupiga ao kutesa mupya, hapana. Kwetu desturi hiyo haiingie.

Kikosi chote, ao hapana

Sasa tujibu ulizo. Lenye kumeza falanga ni lori na unga, na mwaka huu masanduku hayajajaa. Wazazi wamoja wametushauri hivi: kila mutu alipie mutoto wake, wenye kuwa nayo waende, wengine wabaki. Tumewasikia, lakini tumekataa.

Kambi ya kwanza kabisa, ile ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi wa munane 1907, ilikuwa na vijana karibu 20. Wamoja walitoka masomo ya matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi. Baden-Powell aliwachanganya katika vikosi vine. Hakuweka wenye mali upande wao. Tukiwaacha watoto wawili watatu wa kila kikosi hapa mujini kwa sababu baba hajalipwa, tutakuwa tumefanya matembezi ya wenye falanga. Kambi ya maskauti haitakuwa tena.

Kwa hiyo kanuni yetu inabaki: kikosi kinaenda chote ao hakiendi.

Wazazi, hatuombi falanga tu. Mwenye kuwa na mufuko wa unga, sufuria kubwa, blanketi ya zaidi, ao rafiki mwenye lori, atufikie siku ya posho yoyote. Na mumuachilie mutoto aje kila juma. Asiyefanya kazi na wenzake mwaka mzima hatajua kuishi nao katika hema.

Mukimuona anatoa salamu, muangalie mukono wake. Vidole vitatu vinasimama, na kidole gumba kinalala juu ya kile kidogo kabisa. Tunawafundisha maana yake siku ya kwanza: mwenye nguvu anamulinda mudogo.