Mtihani wa kitaifa wa leseni ya udaktari

Mtihani wa kitaifa wa leseni ya udaktari ni mtihani wa kiwango kimoja ambao madaktari wapya wa nchi nzima hutakiwa kuufaulu kabla ya kuruhusiwa kutibu wagonjwa bila kusimamiwa. Hautungwi na chuo alichosoma mtahiniwa, bali na chombo cha kitaifa, kwa kawaida baraza la madaktari au bodi maalumu ya mitihani. Anayeshindwa hubaki na shahada yake, lakini hapati leseni.

Mitihani ya namna hii ipo Marekani, Kanada, Japani, Korea Kusini, China, Indonesia na kwingineko. Nchi nyingine humsajili daktari kwa kutegemea shahada ya chuo kinachotambuliwa pamoja na kipindi cha mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Faida halisi ya mtihani huo bado inajadiliwa na wataalamu wa elimu ya tiba.

Sababu za kuwepo kwake

Mnunuzi wa kitambaa anaweza kukishika na kukikagua kabla ya kulipa. Mgonjwa hana nafasi hiyo: hawezi kupima ujuzi wa daktari aliye mbele yake, na kosa likitokea huenda lisirekebishike. Kwa hiyo dola humpimia kwa niaba yake, na leseni ndiyo ishara ya kwamba kipimo kimefanyika.

Vyuo navyo hutahini wanafunzi wao, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Chuo kinachofundisha, kutoza ada na kutoa shahada kina sababu za kutaka wanafunzi wake wafaulu. Watahini wa nje hupunguza tatizo hilo, ila hawaliondoi, kwa kuwa kila chuo huendelea kuwa na maswali yake na kiwango chake. Alama ya B ya chuo kimoja si lazima iwe sawa na B ya chuo kingine. Tatizo hukua pale idadi ya vyuo inapoongezeka haraka, au wahitimu wengi wanapotoka katika vyuo vya nchi za nje.

Historia

Wazo la kuwatahini madaktari ni la kale. Waandishi wa historia ya tiba ya Kiislamu wanasimulia kwamba mwaka 931 khalifa al-Muqtadir wa Baghdad, baada ya mgonjwa kufa kwa kosa la tabibu, aliagiza matabibu wa mji watahiniwe na tabibu mkuu Sinan ibn Thabit kabla ya kuendelea na kazi. Huko Ulaya, sheria za Melfi za mwaka 1231, zilizotolewa na Kaisari Federiki II kwa ajili ya ufalme wake wa Sisilia, ziliwataka madaktari wapimwe na walimu wa Salerno.

Nchini Marekani, leseni hutolewa na kila jimbo. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, iliamua kwamba jimbo lina haki ya kumzuia mtu asiyetimiza masharti kufanya kazi ya udaktari. Mwaka 1910 Abraham Flexner, aliyekuwa mwalimu na wala si daktari, alichapisha taarifa kuhusu vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada. Alionyesha kuwa vingi havikuwa na maabara wala hospitali za kufundishia. Bodi ya taifa ya watahini wa tiba iliundwa mwaka 1915 na kutoa mtihani wake wa kwanza mwaka uliofuata.

Mfano wa Marekani

Mtihani unaotumika sasa Marekani hujulikana kwa kifupi kama USMLE. Ulianza mwaka 1992 na kuchukua nafasi ya mitihani miwili tofauti iliyokuwepo. Aliyesoma Marekani na aliyesoma nje wanaotafuta leseni hii hujibu mtihani uleule. Una hatua 3:

- Hatua ya kwanza hupima sayansi za msingi, kama vile fiziolojia, patholojia na elimu ya dawa.
- Hatua ya pili hupima matumizi ya elimu hiyo katika kutambua na kutibu magonjwa.
- Hatua ya tatu huchukua siku 2 na hupima uwezo wa kumhudumia mgonjwa bila kusimamiwa.

Kuanzia mwaka 2004 hatua ya pili ilikuwa pia na sehemu ya vitendo, ambapo mtahiniwa alihoji na kupima watu waliofundishwa kuigiza wagonjwa. Sehemu hiyo ilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, na mwaka 2021 ikafutwa kabisa.

Alama ya kufaulu

Mtihani wa leseni si wa kushindania nafasi. Lengo si kupata bora 100 wa kwanza, bali kujua kama kila mmoja amefikia kiwango cha usalama. Wote wanaweza kufaulu, na kinadharia wote wanaweza kushindwa.

Njia moja inayotumika sana kupanga alama hiyo huitwa kwa jina la William Angoff. Jopo la wataalamu husoma kila swali na kujiuliza: kati ya madaktari 100 ambao ujuzi wao unatosha kwa shida tu, wangapi watalijibu sawasawa? Wastani wa makadirio hayo kwa maswali yote huwa ndio msingi wa alama ya kufaulu.

Ushahidi wa faida zake

Utafiti wa Robyn Tamblyn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulifuatilia madaktari waliofanya mtihani wa vitendo wa Kanada. Waliopata alama za chini katika mawasiliano na wagonjwa walilalamikiwa zaidi baadaye mbele ya vyombo vya usimamizi. Mwaka 2014 John Norcini na wenzake walichunguza madaktari waliosomea nje na kufanya kazi Pennsylvania. Kadiri alama zao za hatua ya pili zilivyokuwa juu, ndivyo vifo vya wagonjwa wao hospitalini vilivyopungua.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba alama zinaendana na ubora wa kazi. Hayathibitishi kwamba kuwepo kwa mtihani ndiko kunakoboresha huduma. Ili kuthibitisha hilo ingebidi kulinganisha nchi yenye mtihani na isiyo nao, jambo gumu kwa kuwa nchi hutofautiana kwa mengi.

Ukosoaji

Wakosoaji husema mtihani huwafanya wanafunzi wasomee maswali badala ya kujifunza kwa wagonjwa wodini. Marekani, alama za hatua ya kwanza zilitumiwa mno kuchagua madaktari wa kusomea ubingwa. Tangu Januari 2022 matokeo yake hutolewa kama kufaulu au kushindwa tu. Gharama ni hoja nyingine: sehemu ya vitendo iliyofutwa ilimgharimu mtahiniwa zaidi ya dola 1,000, na ilifanyika katika miji 5 pekee.

Aidha, karatasi haipimi vizuri uaminifu, huruma wala uvumilivu wa zamu ya usiku. Katika nchi yenye uhaba wa madaktari, kila anayeshindwa ni pengo katika zahanati fulani. Wanaotetea mtihani hujibu kwamba mgonjwa wa kijijini, asiye na daktari mwingine wa kumkimbilia, ndiye anayehitaji zaidi uhakika wa kiwango.

Afrika Mashariki

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, madaktari wa Tanzania Bara waliosomea nyumbani walitoka Muhimbili, Dar es Salaam. Tangu miaka ya 1990 vyuo vingine vimefunguliwa, vikiwemo KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza. Mhitimu hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini kabla ya usajili kamili. Usajili uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo pia limeweka mtihani wa kabla ya utarajali. Zanzibar ina baraza lake. Nchini Kenya, waliosomea nje hutahiniwa na baraza la madaktari la nchi hiyo kabla ya kuanza mazoezi ya kazi.

Mabaraza ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya tiba kwa pamoja. Ukaguzi huo hupima majengo, walimu na mitaala. Mtihani wa leseni humpima mhitimu mwenyewe. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.