Moshi wa Baruti na Hatima ya Askari: Mfano wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1914

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Shura hutoa oksijeni, makaa na salfa huungua kwa kasi, na gesi inayozalishwa huisukuma risasi. Hata hivyo, si baruti yote inayogeuka kuwa gesi. Zaidi ya nusu ya uzito wake huwa masalia yabisi, hasa chumvi za potasiamu, na chembechembe za masalia hayo ndizo zinazoonekana kama wingu zito jeupe mbele ya mtutu. Nyingine huganda ndani ya mtutu na kuuchafua.

Mwaka 1884 mkemia Paul Vieille wa Ufaransa alipata baruti iliyotokana na nitroselulosi, ambayo karibu yote hugeuka gesi. Bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ilikuwa ya kwanza ya kijeshi kuitumia. Ujerumani ilifuata mwaka 1888. Bunduki zake za zamani, za muundo wa 1871, hazikutupwa. Nyingi zilipelekwa makoloni.

Hapo ndipo kemia inapogusa maisha ya watu. Vita vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani walikuwa bado wanabeba bunduki hizo za moshi. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi moshi ulivyomfichua mpigaji vichakani, ilhali adui mwenye baruti isiyo na moshi hakuonekana hata kwa askari mwenye macho makali. Kwa maneno mengine, kila risasi aliyofyatua askari ilimtaja mahali alipo. Risasi ya bunduki hiyo ilikuwa nzito na yenye kishindo, lakini uzito huo haukufidia hasara ya kuonekana.

Masimulizi ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, hupenda mno habari za nyuki waliowashambulia wapiganaji. Kwa hoja hii, nyara zina uzito zaidi: Waingereza waliporudi melini waliacha bunduki za kisasa za kutosha zaidi ya kombania tatu, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kombania zilizopewa bunduki hizo ziliweza sasa kufyatua risasi vichakani bila wingu jeupe juu ya vichwa vyao. Zilizobaki ziliendelea na moshi.