KOMPYUTA KUUKUU SI YA KUTUPWA

Katika nyumba nyingi huku kwetu utaipata kompyuta moja imefunikwa kitambaa kwenye kona ya sebule. Ukiuliza utaambiwa, "Hiyo imezeeka, inavuta miguu." Wengi huona dawa ni kununua mpya. Nami nasema, ngoja kwanza! Kompyuta kuukuu ikitendewa mambo machache yaweza kumfaa mwanafunzi mpaka amalize kidato cha nne. Na sisi wa shule ya kutwa ndio tunaoihitaji zaidi, kwa maana maabara ya kompyuta hufungwa jioni, nasi hurudi nyumbani na kazi mkononi.

Jambo la kwanza ni stima. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Ikipotea, kazi ambayo hujaihifadhi hupotea nayo, lakini hatari kubwa zaidi ni inaporudi kwa kishindo. Nguvu zaweza kupanda kupita kiasi kwa kitambo kidogo tu na kuunguza sehemu za ndani. Ndiposa watu hununua gadi, kile kifaa cha kuchomeka ukutani ambacho wengi wanacho kwa ajili ya televisheni au friji. Gadi hukata stima nguvu zikizidi, kisha hungoja kidogo kabla ya kuiruhusu tena. Mwenye kompyuta ya mezani akiweza aongeze UPS, ambayo ina betri ndani. Lakini UPS si ya kufanyia kazi usiku kucha! Inakupa dakika chache tu uhifadhi kazi yako na kuizima kompyuta kwa taratibu. Asiye na pesa za gadi na achomoe waya stima inapopotea. Hilo ni bure.

Jambo la pili ni mwendo. Kompyuta nyingi za zamani zina diski inayozunguka ndani, nyingine mara 5,400 kwa dakika, huku kijisindano kikikimbia huku na huku kutafuta kilichoandikwa. Ni kama mtunza stoo mmoja anayetumwa vitu mia kwa wakati mmoja. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo hupata inachotafuta papo hapo. Ukibadilisha diski hiyo tu, kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nyingi kuwaka huanza kuwaka kwa sekunde. Kisha tazama RAM. Ikiwa ni gigabaiti 2, iongeze ifike 4 au 8, bora mashine yenyewe ikubali.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani, na hesabu zote za chama anaziandika kwenye laptopu yetu ya mtumba. Mwaka jana diski ilianza kulia ka-ka-ka. Kaka yangu aliposikia hakungoja kesho. Usiku huohuo alinakili hesabu zote kwenye flashi. Siku ya tatu ile diski ikafa fofofo. Fundi alitutilia SSD, na hakuna hata shilingi ya mtu iliyopotea kitabuni. Fikiria ingekuwaje kama mama angesimama mbele ya wanachama bila hesabu! Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini siku hizi hata daftari lenyewe laweza kupotea.

Jambo la tatu ni programu. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows hiyo bado huwaka, ila kwa kawaida haipati tena viraka vya kuziba mianya ya usalama, isipokuwa mwenyewe awe ameisajili katika mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo hukataa mashine nyingi za zamani kwa sababu hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Hapo ndipo mtu hukimbilia kwa fundi wa kona na kuwekewa programu za wizi. Jamani, tujihadhari! Aliyevunja kufuli ya programu hiyo aweza kuwa ameacha mlango wazi nyuma yake, na virusi huingilia papo hapo.

Njia halali ipo, tena haina malipo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds alianza kuunda Linux, akawaachia watu wote waitumie na kuirekebisha. Moja ya matoleo yake ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wanachama wa Kiswahili mtalitambua jina hilo mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa mashine kuukuu mimi napendekeza Linux Mint, ambayo hutosheka na RAM ya gigabaiti 4. Uzuri wake ni kwamba unaiweka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Isipokupendeza, unachomoa flashi yako na mambo yanabaki yalivyokuwa.

Kwa kuandika insha na kupiga hesabu, tumia LibreOffice. Hufungua na kuhifadhi hata faili za Word na Excel. Programu iliyoitangulia, OpenOffice, iliwahi kutafsiriwa kwa lugha yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kwa hivyo asikudanganye mtu eti Kiswahili hakiwezi kuingia ndani ya kompyuta. Kwa video na nyimbo iko VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi huko Ufaransa. Wanafunzi kama sisi!

Jambo la nne ni maarifa. Data ni ghali na si kila nyumba ina waifai. Dawa yake ni programu iitwayo Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja, kwa mfano ukiwa penye waifai, kisha unaisoma nyumbani bila intaneti kabisa. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake hupita gigabaiti 90, lakini ya Kiswahili ni ndogo na huingia kwenye flashi ya kawaida. Siku ukiwa na intaneti, tembelea Khan Academy kwa masomo ya hisabati na sayansi. Hakuna ada.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa, ni kunakili kazi. Kanuni yake ni tatu, mbili, moja: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumbani. Kwa mfano, moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi, na ya tatu kwenye Google Drive. Flashi moja inayozunguka saiba na kwa marafiki haitoshi, kwani hupotea na huokota virusi njiani. Wenzangu wa somo la kompyuta, ile mradi ya KCSE ni kazi ya miezi mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hautajengeka wiki moja kabla ya siku ya kuukabidhi mradi.

Basi nendeni mkaondoe vile vitambaa. Na kwa chama chetu nina ombi. Wikipedia ya Kiswahili huandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote aweza kuongeza makala. Mbona tusiandike kuhusu mito, masoko na mashujaa wa huku kwetu? Hizo kompyuta kuukuu zinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kwa haya machache, naweka kalamu chini.