Wembamba, Harusi na Vidonge vya Kunenepesha

Harusi ikishawekewa tarehe, nyumba nyingi za mwambao wetu huanza kumtazama bibi harusi kwa jicho jipya. Shangazi humshika mkono na kuguna. Somo huagizwa amtie nyama kidogo kabla ya siku yenyewe. Hamu hiyo haina ubaya, nasi tutaona kwamba ni ya zamani mno. Ubaya huanza pale binti anapotumwa duka la dawa la mtaani akanunue vidonge vya kunenepa, navyo akauziwa bila cheti cha daktari, vikiwa vimefungwa katika kikaratasi kisicho na jina.

Mara nyingi vidonge hivyo huwa ni deksamethasoni, wakati mwingine pamoja na siproheptadini. Hiyo ya kwanza ni steroidi yenye nguvu, takribani mara sita hadi saba ya prednisoloni, na madaktari huitoa kwa sababu nzito kama vile mzio mkali au uvimbe ndani ya ubongo. Ya pili ni dawa ya mzio ambayo huchochea hamu ya kula na kumfanya mtu asinzie mchana kutwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya kumpamba mwali.

Mtego wa vidonge hivi ni kwamba vinafanya kazi. Baada ya majuma machache mashavu hujaa na majirani husifu. Lakini kilichojaa ni maji na mafuta. Uso huviringika, tumbo hutoka, mafuta hujikusanya nyuma ya shingo, ilhali misuli ya mapaja na mabega inakonda, kwani steroidi huvunja protini ya misuli. Sukari ya damu hupanda, presha hupanda, mifupa hudhoofu, na kinga ya mwili hushuka kiasi kwamba kifua kikuu kilichokuwa kimelala huweza kuamka. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kamwe. Juu ya figo zetu zipo tezi mbili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hiyo. Kidonge kikifanya kazi yao kwa muda mrefu, tezi hizo hulala. Bibi harusi akiacha vidonge ghafla baada ya fungate, mwili hubaki mtupu: hutapika, huishiwa nguvu, presha huanguka, na homa ya kawaida yaweza kumwondoa duniani.

Sasa turejee kwenye uzamani wa jambo lenyewe. Katika Sunan ya Abu Dawud na ya Ibn Majah imo habari ya Bi Aisha (r.a.) kwamba mama yake alitaka anenepe kabla ya kupelekwa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Alijaribu hiki na kile bila mafanikio, mpaka alipomlisha matango pamoja na tende mbichi, ndipo mwili ukajaa vizuri. Tango peke yake ni maji tu. Nguvu imo katika tende, na ubaridi wa tango humwezesha mlaji kuendelea kula utamu ule bila kukinai. Mama yule hakuhitaji zaidi ya chakula na subira.

Lakini kabla ya kumlisha mtu, apimwe kwanza kama kweli amepungukiwa. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa chini ya 18.5, huyo ana uzito pungufu. Binti wa mita 1.60 mwenye kilo 49 anapata 19.1, huyo ni mzima, na shangazi amwache. Kijana wa mita 1.75 mwenye kilo 55 anapata 18, na anafaa kuongeza. Na wembamba si aibu. Maswahaba walipocheka miguu myembamba ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwaambia kwamba katika Mizani miguu ile ni mizito kuliko mlima Uhud.

Lipo pia suala la aliyekuwa na mwili kisha akakonda bila kutaka. Aliyepoteza kilo tatu kati ya sitini ndani ya nusu mwaka, au anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetoka jasho usiku, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, haja yake ya kwanza ni hospitali. Kifua kikuu, kisukari, Ukimwi, minyoo na maradhi ya tezi ya shingo, yote hukondesha.

Kwa mwembamba aliye mzima, kosa tulizoea kulifanya ni kumrundikia sahani. Watu hawa hushiba upesi, na sunna yenyewe imetufundisha kuliachia tumbo thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji na thuluthi ya pumzi. Kinachotakiwa ni kuongeza nguvu ndani ya sahani ile ile. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na konzi ya karanga karibu 170. Uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa, maharage yaliyoungwa kwa tui zito, nusu parachichi pembeni ya wali, tende tatu na glasi ya maziwa baada ya Alasiri: hivyo kalori 300 hadi 500 za ziada kwa siku hupatikana bila mtu kulemewa. Soda na maandazi pia huongeza uzito, ila huongeza tumbo. Nayo chai ya rangi inywewe mbali na mlo, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka katika mboga na nafaka.

Misuli hudai protini. Anayefanya mazoezi hutosheka na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake, yaani gramu 88 kwa yule kijana wetu wa kilo 55. Mayai mawili humpa 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, gramu 30 za dagaa wakavu 18, glasi mbili za maziwa 16, konzi ya karanga 7, na zilizobaki atazipata katika ugali, wali na chapati za siku nzima. Hana haja ya makopo ya unga yanayouzwa kwenye kumbi za mazoezi, sembuse sindano za homoni ambazo huwapunguzia wanaume mbegu za uzazi.

Ila chakula bila kazi huishia kuwa mafuta. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, na ndoo ya lita 10 ina kilo 10. Kuchuchumaa na kusimama ukiwa umelikumbatia, kulivuta kutoka sakafuni, na pushapu, mara tatu kwa wiki na siku ya mapumziko katikati, kunatosha kuanzia. Uzito uongezwe kidogo kidogo kila mwili unapozoea. Mabinti waweza kuyafanya haya chumbani, stara yao ikiwa imehifadhika. Kisha walale mapema baada ya Isha.

Ongezeko la afya halizidi nusu kilo kwa wiki, na mara nyingi ni robo. Kwa hiyo anayetaka kilo tano kabla ya harusi na aanze miezi mitano mbele, siyo mwezi mmoja.

Na kwa binti ambaye tayari anameza vidonge hivyo: usiviache leo kwa ghafla. Vichukue pamoja na kikaratasi chake, nenda navyo kwa daktari, umweleze umevitumia kwa muda gani na vingapi kwa siku, naye atakupangia namna ya kuvipunguza hatua kwa hatua.