Supu ya mbaazi: Ganda likitoka, kuni hupungua
KATIKA Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako mpunga ndio zao kuu, supu ya mbaazi zilizopaazwa huziba pengo la wali: ina laisini kwa wingi, kirutubisho cha protini ambacho mchele unacho kidogo.

Kwa mpishi wa Masagati, kazi huanzia kwenye jiwe la kusagia. Mbaazi kavu hupasuliwa, kisha hupepetwa maganda yatoke. Bila ganda maji hupenya upesi, nazo huiva kwa kuni chache kuliko nzima. Huchemshwa na kitunguu hadi zirojeke, ndipo hutiwa tui la nazi.

Nyanya na ndimu, ambazo wengi hukimbilia kuzitia, zisubiri mwisho. Uchali wake huzuia punje kulainika, na chungu kitashinda motoni.