Mpira Uchezwe Ulipolala: Gofu, Sinema na Kibanda cha Bwera

Gofu ni mchezo mgumu kuupiga picha. Mpira umetulia kwenye majani, hakuna anayeukaba wala kuukimbilia. Mchezaji anausogelea, anautazama, anarudi nyuma kidogo, anautazama tena, anapiga mara moja, kisha anaanza kutembea. Mashimo 18 yanakula saa nne hivi, na sehemu kubwa ya saa hizo ni miguu tu. Mtu wa Bwera, mji wa mpakani magharibi mwa Uganda, aliyezoea kulipia nafasi kwenye benchi la kibanda cha video ili aone Arsenal na Chelsea zikikabana koo ana haki ya kuuliza mpinzani yuko wapi.

Waongozaji wa filamu wamehangaika na swali hilo hilo. Kwa kuwa mpinzani haonekani uwanjani, wamemtafuta kifuani mwa mchezaji: vita aliyorudi nayo, baba aliyemdharau, chupa, kiburi. Ndiyo sababu filamu nzito ya gofu hugeuka upesi kuwa fumbo la maisha. Filamu ya ndondi inaweza kuwa filamu ya ndondi tu na mtazamaji akaondoka ameridhika. Ya gofu haina anasa hiyo.

Lakini fumbo hilo si lote la thamani moja. Nimezitazama filamu hizi kwa miaka, na ninaloliona ni kwamba zinashika pale sheria ya mchezo yenyewe inapoachiwa izungumze, na zinalegea pale mtu anaposimama kando ya mpira na kuanza kuhubiri.

Ipo sheria ya kwanza, ambayo hata asiyewahi kushika fimbo ya gofu anaielewa: mpira huchezwa ulipolala. Zipo nafuu chache zilizoandikwa, lakini ukitua kwenye unyayo ambao mtu mwingine ameuacha mchangani, unyayo huo sasa ni wako. Halafu kuna suala la hesabu. Katika mashindano mengi hakuna refa anayeandamana na kila kundi. Wachezaji wanaandikiana mikwaju, na mchezaji akivunja sheria mahali ambapo hakuna jicho lililomwona, anatarajiwa ajishtaki na ajiongezee adhabu mwenyewe.

Juu ya sheria hii ya pili limejengwa tukio bora kabisa katika The Legend of Bagger Vance, filamu ya Robert Redford ya mwaka 2000. Tuko Savannah, Georgia, mwaka 1931. Rannulph Junuh, anayeigizwa na Matt Damon, amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa amevunjika, amezama katika pombe, na sasa amepangwa kucheza na mabingwa wawili waliokuwa watu halisi, Bobby Jones na Walter Hagen. Kwenye shimo la mwisho, ushindi ukiwa karibu, anaondoa kijiti kando ya mpira wake. Mpira unasogea, kidogo mno, hata kamera inabidi iinamie majani ili sisi tuuone. Mtoto anayemsaidia anamsihi asiseme, maana nani atajua? Junuh anasema, na mkwaju unaongezwa.

Hadithi hiyo ina mzizi wa kweli, na mzizi huo ni Jones mwenyewe. Katika US Open ya 1925, huko Worcester, Massachusetts, alijiongezea mkwaju mmoja kwa mpira ambao yeye peke yake aliuona ukisogea. Mwisho wa hesabu alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Macfarlane akachukua kombe. Mkwaju ule mmoja ndio uliomgharimu.

Hapo hakuna hotuba, kuna kijiti na mpira na mtu anayeamua. Tatizo la filamu hii ni kwamba imemweka pia Bagger Vance, kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, anayeigizwa na Will Smith, ambaye kutwa nzima anagawa hekima. Steven Pressfield, aliyeandika riwaya ya 1995 iliyozaa filamu, aliichukua fremu yake kutoka Bhagavad Gita: Junuh ni Arjuna, na jina la Bagger Vance limetokana na Bhagavan. Msomaji aliyekulia jirani na hekalu la Wahindu Kampala au Kisumu atalitambua umbo hilo mara moja, shujaa aliyekata tamaa katikati ya uwanja wa vita na Mungu akiwa mwendesha gari lake. Kimuundo ni ujanja mzuri, kwani kedi yuko hapo tayari, anatembea hatua kwa hatua na shujaa, anajua uwanja, anashauri, na hapigi.

Kinachokwaza ni kumfanya Mungu huyo Mwafrika Mmarekani katika Georgia ya 1931 na kumnyima kila kitu kingine. Hana nyumba, hana mke, hana deni, hana hofu ya kutembea usiku katika jimbo ambalo watu wa rangi yake walikuwa wakinyongwa mitini. Anatokea gizani, anamtengeneza mzungu, anaondoka. Mwongozaji Spike Lee aliilalamikia filamu hiyo hadharani, na sioni alipokosea. Katika jimbo hilo hilo, klabu ya Augusta National iliwalazimisha wachezaji wa mashindano ya Masters kutumia makedi wa klabu, waliokuwa weusi, hadi 1982. Mchezaji mweusi wa kwanza kushindana pale alikuwa Lee Elder, mwaka 1975, na mwanachama mweusi wa kwanza alikubaliwa 1990. Mtu aliyebeba mifuko katika uwanja kama ule alikuwa na hadithi yake mwenyewe, tena ngumu kuliko ya Junuh.

Linganisha na Queen of Katwe ya Mira Nair, filamu ya chesi iliyotoka 2016. (Katwe hii ni ya Kampala. Mtu wa wilaya ya Kasese, iliko Bwera, akisikia jina hilo hufikiria kwanza ziwa la chumvi.) Chesi ina taabu ile ile ya gofu mbele ya kamera, pengine zaidi, maana watoto wawili wameketi na kutazama ubao. Nair anaiacha sheria ya mchezo ifanye kazi: kete ndogo kuliko zote ikivuka ubao hadi mwisho hugeuka malkia. Jambo hilo Phiona Mutesi, shujaa wa filamu, anaelezwa na mtoto mwenzake, akiwa anamfundisha kucheza tu, na halirudiwi mpaka likachosha. Kisha kuna Robert Katende, kocha, anayeigizwa na David Oyelowo. Yeye ndiye mshauri wa hadithi hii, lakini ana mke, ana chakula cha kutafuta, ana shahada ya uhandisi na kazi yenye mshahara mzuri ambayo lazima aamue kama ataichukua. Ushauri wake una bei, na tunaiona akiilipa.

Sasa turudi upande wa Bwera, kwenye milima ya Rwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na kilichoivuta ni shaba ya Kilembe, kilomita chache juu ya mji kwenye bonde la Mto Nyamwamba. Kama kampuni nyingi za migodi za wakati ule, ile ya Kilembe ilijenga mji mzima: nyumba kulingana na vyeo, hospitali, shule, klabu, na ndiyo, uwanja wa gofu chini ya Rwenzori. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika na kushusha mawe makubwa katikati ya makazi, ukarudia tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali. Ukitembea bondeni leo unaona mawe meupe yamejaa mahali ambapo zamani mlango wa mtu ulikuwepo. Wakazi wa hapo hawahitaji filamu iwaeleze maana ya kucheza mpira ulipolala.

Ila filamu inaweza kuuliza uwanja ulikuwa wa nani, na gofu ina filamu moja iliyouliza swali hilo vizuri, The Greatest Game Ever Played ya Bill Paxton, 2005. Inaanzia kisiwa cha Jersey, Harry Vardon akiwa mtoto, watu wenye kofia nyeusi wamesimama nje ya nyumba ya wazazi wake. Wamekuja kupima ardhi, uwanja wa gofu utajengwa, na familia itabidi iondoke. Katika wilaya kama Kasese, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake iko ndani ya hifadhi za taifa, watu wenye vifaa vya kupimia hawahitaji kutambulishwa. Mtoto yule baadaye anakuwa mchezaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, na kofia zile nyeusi zinaendelea kumtokea akiwa ameinamia mpira. Ni picha tu, hakuna mahubiri.

Mpinzani wake katika US Open ya 1913 ni Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 aliyekuwa kedi katika klabu ya Brookline palipochezwa mashindano hayo, nyumba yao ikiwa ng'ambo ya barabara. Mfuko wake umebebwa na Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Katika marudiano Ouimet alipiga mikwaju 72, Vardon 77, na Ted Ray 78. Hizo ni namba za kweli, za siku ya kweli. Hadithi ya kedi anayekuwa bingwa sisi hatuisikii kama muujiza, kwa sababu ndiyo njia ya kawaida ya Afrika Mashariki: wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, kama Dismas Indiza, aliyeujua mchezo huu katika uwanja wa Mumias, magharibi mwa Kenya. Kama kuna filamu ya gofu inayosubiri kutengenezwa Kilembe, kamera yake ikae begani kwa kedi, mahali mkanda wa mfuko unapokata.

Kuna sheria ya tatu ambayo filamu karibu zote zimeipuuza, nayo ndiyo wachezaji wa kawaida wanayoishi nayo kila wiki: handikapu. Mchezaji dhaifu anapunguziwa mikwaju kulingana na uwezo wake. Mwenye handikapu 20 akipiga 92, hesabu yake inakuwa 72, na anaweza kumshinda fundi aliyepiga 73 bila kupunguziwa kitu. Hakuna mchezo mwingine mkubwa ninaoujua unaokiri wazi hivi kwamba watu hawaanzii mahali pamoja, kisha ukaweka udhaifu wao kwenye hesabu bila aibu. Hollywood inapenda mkwaju wa ajabu wa dakika ya mwisho. Hata Tin Cup ya Ron Shelton, 1996, ambayo naipenda, imesimama hapo: Kevin Costner angeweza kusogea na kupiga salama, lakini anarudia kuvusha mpira juu ya maji kutoka mahali pale pale, unazama, anarudia, mpaka mpira wa mwisho mfukoni unapoingia shimoni. Mikwaju 12 kwenye shimo moja. Inachekesha na inauma, na kila mkwaju umeandikwa, lakini bado ni hadithi ya mtu mwenye kipaji.

Handikapu imeingia kwenye sinema kwa mlango wa nyuma, katika The Phantom of the Open ya 2021. Maurice Flitcroft alikuwa mwendesha winchi katika karakana ya meli ya Barrow-in-Furness, Uingereza. Mwaka 1976, akiwa na miaka 46 na bila uzoefu wowote wa maana, aliomba kushiriki mchujo wa mashindano ya The Open. Fomu ilimtaka mchezaji wa ridhaa aandike handikapu yake. Hakuwa nayo, kwa hiyo akajiandikisha kuwa mchezaji wa kulipwa. Akapiga mikwaju 121, mibaya kuliko yote katika historia ya mashindano hayo. Wakuu wa gofu wakamfungia mlango, naye akarudi miaka iliyofuata kwa majina ya bandia. Mark Rylance anamwigiza kwa upole, bila kumdhihaki, na kila mkwaju mbovu unahesabiwa.

Ningekuwa na kibanda Bwera kwa jioni moja, ningeanza na hiyo. Vibanda vya Uganda vina faida ambayo majumba ya sinema ya Ulaya hayana, yaani VJ. Watu kama VJ Jingo na VJ Junior wa Kampala, kama alivyokuwa Lufufu kule Dar es Salaam na alivyo DJ Afro Kenya, hawaishii kutafsiri maneno. Wanasimulia, wanatania, wanamweleza mtazamaji kitu ambacho filamu imedhani anakijua. Gofu inawahitaji kuliko mchezo wowote. VJ ana sekunde chache tu za kueleza kwa nini kijiti kile cha Savannah ni mkasa, na akiwa Bwera, kilomita chache kutoka forodha ya Mpondwe, wasikilizaji wake wakiwa wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na kurudi, maneno anayo tayari: huyu jamaa amepita na mzigo wake, afisa hakuuona, amefika salama upande wa pili, halafu amegeuka na kurudi kuutangaza ili alipe ushuru. Kibanda kizima kitapiga kelele kwamba ni mjinga. Baadhi watamtetea, na ubishi huo utachukua muda mrefu kuliko tukio lenyewe.

Bagger Vance ningeiweka ya mwisho usiku, na kila Will Smith anapofungua mdomo kutoa hekima ningemwomba VJ aendelee na stori zake mwenyewe.